Nguzo ya Saa Tatu

Mwalimu Widad Muhsin alikutwa amekufa Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba cha walimu cha chuo kidogo cha biashara huko Mbweni. Alikuwa ameinamia meza yake. Damu ilikuwa imelowanisha karatasi za grafu alizokuwa akisahihisha. Sakafuni, karibu na kiti, ilikuwepo ngao nzito ya mninga iliyochongwa maneno: Mwalimu Bora wa Mwaka.

Inspekta Eliaichi alivaa glovu, akaiinua. Ukingo wake ulikuwa na damu na nywele. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimepanguswa.

"Alama za vidole hatutapata," alisema Koplo Mwinjuma. "Pochi ipo, simu ipo, kompyuta ipo. Hakuibiwa."

"Nani aliyemkuta?"

Mwinjuma alimwita mzee Mwishehe, mfanya usafi wa chuo.

"Shikamoo, mzee. Mara ya mwisho ulimwona hai saa ngapi?"

"Marahaba. Saa tatu kasorobo nilimletea chai. Kisha nikaenda uani kufyeka majani. Ile mashine ina kelele, sikusikia kitu. Narudi kuchukua kikombe, nikamkuta hivyo."

Daktari aliyeichunguza maiti alisema ni pigo moja la nyuma ya kichwa, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu.

Simu ya marehemu ilikuwa na miito kumi na mmoja isiyopokelewa, yote ya mumewe, Azan, mwenye duka la vitambaa Kinondoni. Alasiri hiyo Azan alikaa mbele ya Eliaichi, macho mekundu.

"Ulimpigia mara kumi na moja. Kwa nini?"

"Wivu," alijibu bila kuficha. "Mie mke wangu asipopokea simu, moyo unanichemka. Mtaa mzima unanijua."

"Ulimwonea wivu na nani?"

"Na yule mwalimu mwenzake, Revelian. Kila siku Mwalimu Revelian kanifundisha hivi, Mwalimu Revelian kasema vile. Leo asubuhi nikamwambia, basi nenda ukaolewe naye. Ndilo neno langu la mwisho kwake."

Kamera ya dukani ilimwonyesha Azan nyuma ya meza yake tangu saa mbili mpaka saa nne, simu sikioni. Eliaichi alimwachia aende akazike.

Revelian alikuja kituoni Jumatano mwenyewe, shati limenyooshwa, bahasha kwapani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na alikuwa amefundisha takwimu chuoni hapo miaka kumi na minane.

"Pole na msiba, Mwalimu. Jana saa tatu ulikuwa wapi?"

"Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro. Nilihesabu mabasi yanayotoka stendi kwenda mikoani, kuanzia saa moja mpaka saa tano. Data za kufundishia."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Lakini ninayo karatasi." Alitoa bahashani karatasi safi. Kila basi lilikuwa kijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelala juu yake. Chini yake palikuwa na jedwali la nusu saa nusu saa, na histogramu iliyochorwa kwa rula. "Data hazina mapenzi, Afande. Hazimpendelei mtu."

"Wewe na marehemu mlielewana?"

"Alikuwa mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mwinjuma aliridhika. Eliaichi alinakili ile karatasi, lakini hakuwa na hoja ya kuipinga.

Alhamisi asubuhi msichana mmoja alisimama mapokezi, daftari kifuani. Alijitambulisha kuwa ni Yasmini, mwanafunzi wa Mwalimu Widad.

"Shikamoo, Afande. Mie sijui kama nakosea kuja hapa. Chuoni wameniambia kazi zote za Mwalimu mmezichukua nyie. Mwalimu alitupa kazi ya kuhesabu mabasi. Wenzangu walipangiwa kwenda jana Jumatano. Mie nilienda Jumanne, sababu jana nilikuwa na kliniki. Sasa kazi yangu nani ataisahihisha?"

Eliaichi alimvutia kiti. "Jumanne ulihesabia wapi?"

"Mbezi Luis. Juu ya kivuko cha waenda kwa miguu. Saa moja mpaka saa tano."

Inspekta alilifungua daftari. Vijiti vilikuwa vimepinda, vingine vimechafuka kwa vumbi na jasho. "Nieleze kama mtu asiyejua hesabu."

"Hivi ni data ghafi, ulivyoviona barabarani. Unavipanga kwenye jedwali, kila nusu saa na idadi yake. Halafu unachora nguzo. Mwalimu alikuwaga anasema, jedwali unalisoma, lakini grafu inakutazama."

Eliaichi aliweka nakala ya Revelian kando ya daftari. Nguzo za Revelian zilipanda taratibu na kushuka taratibu, kama kilima. Kuanzia saa tatu hadi saa tatu na nusu, mabasi ishirini na manne. Kwa Yasmini, nusu saa hiyohiyo haikuwa na nguzo. Baada yake ilisimama nguzo ndefu kuliko zote.

"Hapa ulikwenda kunywa chai?"

"Hapana, Afande. Lori la kokoto lilipinduka. Barabara ikafungwa, halikupita basi hata moja. Lilipoondolewa yakatoka yote kwa pamoja, mkono ukaniuma kwa kuandika."

Mwinjuma alipiga simu usalama barabarani. Njia ilifungwa saa tatu kasoro dakika tano, ikafunguliwa saa tatu na dakika thelathini na mbili.

Mchana Revelian aliketi tena kwenye kiti kilekile. Eliaichi alimsomea onyo, kisha akamwekea michoro miwili mezani.

"Mabasi yako ishirini na manne yalipita juu ya lori?"

Revelian aliitazama nguzo iliyokosekana. Alivua miwani.

"Sikufika Mbezi," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilipita chuoni kuchukua fomu za kuhesabia. Nikamkuta."

"Mligombana?"

"Yeye hakugombana. Hilo ndilo lililoniua mimi." Alizungumza polepole. "Mwaka jana nilikuwa na wanafunzi sitini. Mwaka huu tisa. Wengine walisimama nje ya dirisha lake kumsikiliza. Ijumaa wakampa ngao. Mimi miaka kumi na minane sijapewa hata kalamu. Kitabu changu nimekiandika miaka tisa, hakuna aliyekitaka. Cha kwake kilikubaliwa kwa miezi minne."

"Na Jumanne?"

"Alifurahi kuniona. Akanionyesha jalada la kitabu chake. Akasema, Mwalimu, nimeomba jina lako liwekwe pamoja na langu, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha. Nikatazama. Langu lilikuwa chini, kwa herufi ndogo. Alinionea huruma, Afande. Akageuka kusahihisha. Ngao ilikuwa mezani, mara ikawa mkononi mwangu."

"Kisha?"

"Nikaipangusa, nikaenda nyumbani. Nikajifungia, nikatunga data. Kwa mara ya kwanza maishani."

Mwinjuma aliandika maelezo hayo, akayasoma kwa sauti, akamsogezea ayasaini. Revelian alishika kalamu, lakini macho yalirudi kwenye daftari la Yasmini. Alipitisha kidole kwenye mhimili wa chini, akakagua vipimo, akahesabu vijiti.

"Hajakosea popote," alisema. "Nani kamfundisha huyu mtoto?"

Eliaichi alilifunga daftari.

Revelian alisaini.