Mtamba Aliyekwisha Kaguliwa

Kokubanza alimpenda Ainebyona siku waliyogombania mkungu wa ndizi. Sadaka za mazao zilikuwa zikinadiwa nje ya kanisa lao la Kilutheri pale Bugene, kuku wanalia miguuni mwa watu, buni inanukia maguniani. Kokubanza, fundi cherehani, alivaa gauni la kitenge cha manjano alilojishonea, na kila alipotaja bei, kijana mmoja mrefu wa wafugaji wa Bugomora, shati jeupe na fimbo mkononi, aliongeza.

"Wewe mtu wa maziwa," akamwambia, "ndizi utazimenya kwa fimbo?"

"Nitatafuta wa kunimenyea."

Watu wakacheka. Ainebyona akaushinda mkungu, akautua mbele yake, akaomba namba ya simu.

Tangu hapo alimpigia kila jioni akiwa amesimama juu ya kichuguu machungani, kwa sababu chini mtandao ulikuwa hafifu. Kokubanza aliibana simu kwa bega huku akishona, akimtania kwamba ng'ombe wake wanamsikia akibembeleza. Mwezi wa sita baba yake mdogo, Mzee Rwegoshora, akaenda Bugomora kukagua mahari. Alichagua ng'ombe watatu, akawashika mgongoni mmoja mmoja. Kwa watu wao, ng'ombe aliyeshikwa hivyo hubaki zizini kwa mkwe, lakini tayari ni mali ya upande wa binti. Aliyependeza kuliko wote alikuwa mtamba mwekundu.

Jumapili ya kuchangia paa la kanisa, Mzee Kaijage, mmoja wa wazee wa kanisa, alisimama mbele kupokea ahadi. Wengine walitaja bati, wengine mikungu. Ainebyona, aliyekuja kusali Bugene siku hiyo, akainuka, akarekebisha koti, akamtaja mtamba mwekundu. Vigelegele vikapaa.

Kokubanza alisubiri vitulie, kisha akasimama.

"Mzee Kaijage, mfute huyo mtamba. Si wake. Baba mdogo alikwisha kumkagua."

Ainebyona akachukua kofia yake, akatoka.

Kwa siku nane simu haikuita. Mama yake Kokubanza, Placidia, siku moja akimpakulia chakula akauliza: binti anayempokonya Mungu, mume atamwachia nini? Kutoka Bugomora zikaja habari kwamba huko hawaozi mwana wao kwa mwanamke wa kuaibisha watu. Wazee wa kanisa nao wakaagiza aombe radhi mbele ya washarika. Kokubanza alisikiliza yote, akaendelea kushona. Usingizi ndio uliomkataa.

Siku ya tisa pikipiki ikasimama mlangoni mwa duka lake.

"Umenivua nguo mbele za watu, mpenzi," Ainebyona akasema, bado hajakaa.

"Wewe ulinitoa sadaka bila kuniuliza."

"Nilitaka baba yako mdogo aone anamwoza binti yake kwa mtu mwenye moyo wa kutoa."

"Kutoa cha nani? Una fahali wako zizini, yule mwenye pembe ndefu. Mbona hukumtaja yeye?"

Ainebyona akaizungusha fimbo mkononi.

"Yule nampenda," akajibu polepole.

"Basi huyo ndiye sadaka."

Ainebyona akayashusha macho kwenye sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa. Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyekamatwa, akavuta kigoda karibu na cherehani.

"Jumapili nitamleta," akasema. "Na nitasema mbele yao kwamba nilikosea. Halafu Desemba nikuoe, watake wasitake."

"Nioe."

"Ila wazee bado wanakudai neno moja. Tusimame wote wawili, nikushike mkono. Sema tu, kidogo, yaishe."

Kokubanza akakata uzi kwa meno, akalikung'uta gauni la mteja, akamtazama usoni.

"Mkono utanishika. Na mimi nitaleta bati kumi za jasho langu, nizibebe mwenyewe hadi mbele. Lakini radhi, Ainebyona, siombi."