Masanduku ya Watu Chumbani kwa Haika

Ndugu zangu wa Kilburn hapa London, na nyinyi wa Hounslow mnaojifanya hayawahusu, tegeni sikio.

Jioni moja mvua ilikuwa imekatika, chai iko mezani, na Placida akimsimulia binti yake Haika habari za kazini. Kampuni yao huondoa takataka angani. Huko juu, alisema, setilaiti zilizokufa huizunguka dunia kimya, kama watu wanaotembea usingizini.

"Kesho saa kumi na mbili jioni, mojawapo itapita mbele ya dirisha lako. Keshokutwa chombo chetu kitaikamata, tuishushe iungue."

"Mbona mmechelewa hivyo?"

"Ina mwenyewe, mwanangu. Hata ikifa, huigusi bila ruhusa yake."

Haika alikwishaanza kuiota. Lakini dirisha lake lilikuwa nyuma ya masanduku ya watu. Baba yake, Telesphor, hajui kukataa. Kila anayehama humwachia mzigo.

"Baba, utanitolea?"

"Kesho, mama."

Kesho yake akaja Valentine, mdogo wake Placida, akiburuta sanduku la bluu.

"Shemeji, niwekee wiki mbili tu."

"Weka juu ya mengine."

Saa ilipokaribia, Haika akayapanda. Kwa kitambo alikuwa kama anaelea, kidole kikigusa pazia. Ndipo sanduku la bluu likateleza, likagonga jingine, hilo likaangusha kabati, na kabati likaiua televisheni. (Tunyamaze kidogo kwa heshima ya marehemu.) Mlango ukazibwa. Chini ya mzigo, mtoto akalia.

"Telesphor, sukuma!"

"Nasukuma!"

Walimtoa mkono umevunjika.

Waliporudi kutoka hospitali, Telesphor akapiga simu.

"Valentine, njoo uchukue sanduku lako."

"Ah, shemeji, lile si langu. Hata mimi niliwekewa."

"Na nani?"

"Sikumbuki."

Wiki iliyofuata chumba kilikuwa kitupu, masanduku yote yametolewa. Haika alikaa dirishani, mkono kwenye bandeji, akiitazama anga ikigeuka zambarau juu ya mapaa.

"Mama, itapita saa ngapi?"

"Haipiti tena. Tumeishusha."

Akaendelea kutazama.

FUNZO

Ukiacha mzigo kwa mtu, jua kuna mtoto anayelala chini yake. Kauchukue leo. Na wewe usiyejua kukataa, katalia mlangoni, mzigo ukiwa bado nje.

Sanduku la bluu lina utepe mwekundu kwenye mpini. Kama ni lako, Haika angependa kukuona.