Kushoto Ni Kinyume

Bolti ya kwanza ilikatika kwa mlio mkavu, nikadhani ni kutu. Ya pili ilipokatika niliweka kikombe changu cha kahawa juu ya meza ya spana.

"Duane, unafanya nini?"

"Nafungua tairi. Nati zenyewe zimeng'ang'ania kama mgeni aliyesikia kuna pai jikoni."

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya mpini wa spana, mzee wa miaka sitini na sita, mkono ameegemeza kwenye paa la gari. Gari lilikuwa Valiant ya mwaka 1963, ya buluu iliyopauka, mali ya marehemu mama yake. Tairi lilikuwa la mbele, upande wa dereva.

"Huo ni upande wa kushoto," nilisema taratibu.

"Naona. Nina macho."

Ya tatu ikakatika.

Nikueleze kwa nini niliweka kikombe. Nati zote unazozijua hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto. Lakini Valiant na ndugu yake Dart, magari madogo ya zamani hizo, yana ukorofi wao: nati za magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, na kwenye ncha ya bolti imepigwa herufi L, yaani kushoto kwa Kiingereza, ili mwenye macho aone. Asiyejua hukaza akidhani anafungua, mpaka chuma kinakata tamaa. Na hapa Defiance, Ohio, aliyetufundisha sote jambo hilo ni huyuhuyu Duane Rettig. Ameliandika kwenye ukuta wa gereji yake kwa rangi nyekundu, KUSHOTO NI KINYUME. Siku hiyo alikuwa ameyapa maandishi yake kisogo.

Alishuka, akainama, akaziangalia bolti zilizokatika. Kisha akanigeukia akitabasamu.

"Nani kakata hizi? Wewe tena, Lorene?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Ni mimi," nikasema.

"Bibie, umemvunja mguu mgonjwa uliyekuja kumtibu."

Maneno hayohayo aliniambia siku tuliyokutana, miaka kumi na miwili nyuma. Baba yangu alikuwa amefariki, akaniachia ghala zima la vipuri vya magari ya kale na Dart moja mbovu. Nilijifanya fundi, nikakata bolti tatu, nikamwita Duane. Alikuja, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi sipendi kuchekwa. Lakini yule nilimtengenezea kahawa, na Jumamosi iliyofuata akarudi bila kuitwa.

Nikawa natafuta vipuri, yeye anafunga. Mtu akitaka taa ya nyuma ya Falcon au kioo cha Rambler, hupiga simu ghalani kwangu kabla hajamwambia mkewe. Kipuri kimoja tu ndicho kilichonishinda, waya wa gia wa ile Valiant. Gari lile halina mkono wa gia, lina vibonyezo vitano kwenye dashibodi, na waya mmoja unaotoka hapo kwenda kwenye giaboksi. Ukikatika, gari linaunguruma vizuri lakini haliendi popote.

Miaka sita iliyopita Duane aliniambia, mikono yake imejaa grisi:

"Lorene, siku gari la mama litakapotoka humu kwa nguvu zake, tutapanda sote wawili mpaka mahakamani, tufunge ndoa."

"Na lisipotoka?"

"Wewe ndiye mtafuta vipuri. Hatima yako iko mikononi mwako."

Nikatafuta. Nimezunguka magulio ya vipuri toka Indiana mpaka Pennsylvania, nimepekua masanduku ya wajane, nimegombana na wanaume wenye tumbo wanaouza kutu kwa bei ya dhahabu. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa kwenye gulio la viwanja vya maonyesho, mvua inanipiga, ujumbe ukaingia kwenye simu.

*Umepata waya? Ukipata tunaoana.*

Nusu saa baadaye ukaja mwingine.

*Umepata waya? Ukipata tunaoana.*

Nikamjibu: *Sijapata. Nimepata mafua.* Nikacheka peke yangu, nikaona mzee ana haraka na mimi. Mwanamke akipenda hana akili, hata awe na miaka hamsini na tisa.

Basi siku ile ya bolti nilimkalisha na mkate wake wa nyama, nikaenda kwenye rafu kutafuta bolti nyingine za L. Duane huhifadhi kila kitu kwenye makopo ya kahawa. Nilifungua la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa zito.

Ndani yake kulikuwa na waya wa gia. Mpya, umeviringishwa, una mafuta yake ya kiwandani bado. Umefungwa kwa gazeti la miaka mitano iliyopita. Na juu yake karatasi, kwa mwandiko wake:

*Duane, waya ni huu. Usiufunge. Usimwambie Lorene.*

Niliisoma mara tatu. Nilihisi uso unanichoma, kama msichana aliyeachwa kanisani. Miaka mitano mtu ananituma kwenye mvua nikatafute kitu alichokificha juu ya rafu yake mwenyewe.

Nilitoka nje, nikampigia binti yake, Renae, aliyeko Arizona.

"Renae, baba yako hataki kunioa. Angeniambia tu. Mimi si mtoto."

"Lorene, kwani kuna nini?"

Nikamwambia kuhusu kopo. Nikamwambia kuhusu bolti. Nilipofika kwenye bolti alinikatiza.

"Za kushoto?" akauliza.

"Za kushoto."

Nikamsikia analia.

"Daktari alimwambia miaka mitano iliyopita," akasema. "Ni ugonjwa uleule wa babu. Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Nilirudi ndani na kopo mkononi. Duane alikuwa amemaliza mkate, anajifuta ndevu. Nikaliweka mezani mbele yake. Alichungulia, macho yakang'aa.

"Umeupata! Lorene, umeupata wapi?"

Hapo ndipo hasira yote iliponitoka, ikabaki huzuni tupu. Alikuwa ameuficha, kisha akasahau kwamba ameuficha. Mwanzo alinituma kwa hila. Mwishoni alikuwa anautafuta kwelikweli, anautaka kwelikweli, na ulikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti chake.

"Soma karatasi," nikamwambia.

Akasoma. Nikaona inavyomrudia, pole pole, na laiti isingemrudia.

"Nilikudanganya," akasema.

"Miaka mitano, Duane."

"Baba yangu alisahau kila mtu. Siku moja mama alikuwa anatoa hili gari hapo nje, baba akapiga simu polisi. Aliwaambia kuna mwanamke mgeni anamwibia gari la mkewe. Mama alikaa kwenye kiti hicho, mikono kwenye usukani, analia, na mumewe anamwonyesha kidole kama mwizi." Akaikunja ile karatasi mara nne. "Sikutaka nikuoe halafu nikuite mwizi."

"Ukaona bora nisubiri mpaka nizeeke?"

"Niliona utachoka uende."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Ningekufukuzaje? Jumamosi ingefika ningekaa na nani?"

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia.

"Sasa nisikilize," nikasema. "Kesho naufunga huu waya."

"Sikuoi, Lorene. Utakuwa nesi, si mke."

"Nani kakuomba? Uliniomba wewe, na sharti uliweka wewe. Gari likitoka. Basi litatoka."

"Siku nitakayokusahau utafanya nini?"

"Nitakukumbusha."

"Na nisipokumbuka?"

Nilichukua kopo nikaanza kupanga bolti.

Ilinichukua siku tisa. Nilibadilisha bolti tatu, nikalala chini ya gari juu ya kadibodi, baridi ya Novemba ikinipanda mgongoni, yeye amekaa kwenye ndoo ananielekeza. Siku nyingine alikuwa fundi kamili, ananitukana kwa kushika taa vibaya. Siku nyingine alirudia hatua moja mara nne, nami nikaifanya mara nne. Waya ulipoingia mahali pake alisikia mlio kabla yangu.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Asubuhi ya siku ya mahakama alivaa suti ya kijivu. Nilikuwa nimeandika ujumbe kwa Renae, aliyekuwa amefika toka Arizona akalala hotelini, sijautuma: *Kama leo hanijui tutaahirisha.* Alitoka chumbani, akanitazama toka viatu mpaka nywele.

"Lorene, umevaa gauni. Nani kafa?"

Niliufuta ujumbe.

Alibonyeza kile kibonyezo cha D kwa kidole gumba, na gari la mama yake likatoka gerejini kwa nguvu zake. Jirani zetu wawili walikuwa wamesimama barabarani wamevua kofia, kama msiba unapita, nikawapungia ili wazivae.

Jaji alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole. Alimuuliza Duane kama ananikubali. Duane akanigeukia, na kwa sekunde chache uso wake ukawa mtupu kabisa. Nikaona Renae amejishika mdomo. Mimi nilikuwa naiangalia tai yake tu.

"Huyu ndiye yule aliyekata bolti?" akamuuliza jaji.

"Ndiye," nikasema mimi.

"Basi namkubali. Ukimwacha peke yake atazimaliza bolti zote za Ohio."

Watu walicheka, hata jaji. Mimi nililia begani mwake mpaka suti ikaloa, na hakuna aliyejua ni furaha au ni nini, hata mimi mwenyewe.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Jina langu lilitangulia kuondoka kichwani mwake. Kisha nyumba yetu, kisha Renae, aliyepiga simu akaulizwa kama anauza bima. Mwizi hajaniita hata siku moja. Nafikiri anajikaza, hata kama hajui tena anajikaza kwa sababu gani.

Lakini nilikuwa nimegundua kitu. Jumamosi moja niliinua tairi la kushoto la Valiant kwa jeki nikaligeuzia spana upande usio wake, kwa bahati mbaya kabisa, akili yangu iko kwingine. Nyuma yangu nikasikia:

"Kinyume, bibie. Kushoto ni kinyume."

Nikageuka. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku tuliyokutana.

"Wewe nani?" akaniuliza kwa uchangamfu.

"Lorene."

"Mimi Duane. Lorene, unataka kumvunja mguu mgonjwa uliyekuja kumtibu. Una kahawa?"

Tangu siku hiyo nikawa nafanya hivyo kila Jumamosi, kwa makusudi. Nilikuwa nainua tairi zima, naweka spana upande usio wake, nangoja. Naye alinisahihisha, akaniuliza jina, akanywa kahawa yangu. Mara mbili alinitongoza. Mara moja aliniomba niende naye mahakamani gari la mama yake likipona, nikamwambia nitaenda.

Jumamosi iliyopita nilimvalisha koti, nikamkalisha kwenye ndoo yake. Nikainua tairi. Nikaweka spana, nikaielekeza kushoto, nikangoja.

Alikuwa ananitazama. Nikaegemea kidogo. Nikamtazama tena.

"Inafunguka hivi?" nikamuuliza.

"Endelea tu, mama," akasema kwa upole. "Sukuma. Itafunguka."

Maandishi mekundu yalikuwa juu ya kichwa chake, ukuta mzima. Ningeweza kusimama hapo. Lakini alikuwa amenitia moyo, anaitikia kwa kichwa kunihimiza, na nilikuwa sijawahi kumkatalia jambo gerejini mwake. Nikaweka mguu juu ya mpini, nikasukuma mpaka bolti ikakatika.

"Kutu," akasema, akinihurumia.

"Ndiyo. Kutu."

"Mumeo yuko wapi, aje akusaidie?"

"Anakuja," nikasema.

"Mwambie aharakishe. Baridi inaingia."

Nikamfunga kifungo cha juu cha koti. Kisha nikaenda kwenye rafu, nikashusha kopo, nikaanza kutafuta bolti nyingine yenye herufi L.