Kituo cha Darajani

Walikutana kwenye foleni ya chai, katika ukumbi uliojaa waheshimiwa wa miji miwili inayokunywa mto mmoja. Waheshimiwa wenyewe walikuja kuusifu huo mto, kila mmoja na chupa yake ya maji ya dukani na tumbo limemtangulia. Binti alikuwa mpimaji wa maji wa mji wa chini, gauni la kijani lililonyooka kwa pasi, miguuni mabuti ya mpira. Nyuma yake alisimama mchora ramani wa mji wa juu, tai nyembamba kama utambi.

"Dada, na mabuti hayo umekuja kulima?"

"Nimekuja kukanyaga wenye tai."

Kijana akacheka, chai ikamwagikia shati. Tangu hapo simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula hotuba ya bosi wako. Bado imenikaa kooni."

Ikaja kazi ya mpango wa pamoja: miji yote miwili ikubaliane maji yapimwe wapi, anayechafua ajulikane. Kijana akapewa kuchora ramani. Binti alipoikunjua mezani kwake, akampigia.

"Kituo cha kupimia umekiweka darajani?"

"Bosi alitaka. Pana kivuli, na gari lake linafika."

"Kiwanda chenu cha ngozi kinamwaga uchafu maji yakishapita daraja. Mnayapima yakiwa safi, mnayachafua, ndiyo mnatuletea."

"Si alama tu, laazizi?"

"Mama yangu anainywa hiyo alama. Usinipigie tena."

Wiki mbili hakupokea simu. Kijana akashuka kwa miguu, mara ya kwanza, hadi nyuma ya kiwanda. Akakuta maji ya rangi ya kutu, povu, na manyoya ya ng'ombe yanaelea. Akaikunjua ramani yake palepale. Ramani nzuri, ya mahali asipowahi kupakanyaga.

Siku ya kutia sahihi akasimama. "Kituo nilikiweka siko. Ni hapa," akasema, akatia alama nyekundu lilipo bomba la kiwanda.

"Kaa chini, kijana," bosi akasema.

Hakukaa. Watu wa mji wa chini wakakataa kusaini mpaka alama ile ikubaliwe. Bosi akasaini amenuna kama mtoto aliyenyimwa kipande cha nyama, na kesho yake akamhamishia kijana stoo ya mafaili.

Jioni simu ikalia.

"Nasikia sasa unafanya kazi na panya."

"Wana adabu kuliko wakubwa wangu."

"Kesho asubuhi napima pale bombani. Nataka mtu wa kunishikia kamba ya ndoo."

"Kamba tu?"

"Anza na kamba. Habari ya kuja kuonana na mama tutaizungumza ukishaoga."