Vichupa Visivyo na Mtu

Na ifahamike kwa wakubwa na wadogo, kwa wanaosikia na wanaojifanya hawasikii, kwamba asubuhi ile Inspekta aliitwa kwenye uhalifu wa kutisha kuliko wote aliowahi kuupeleleza. Alivaa kofia. Alikaza mkanda. Alifika maabara akihema, akauliza maiti iko wapi.

Akaonyeshwa kijiti cha pamba ndani ya kichupa.

"Ndiyo maiti yenyewe?"

"Afadhali ingekuwa," alijibu mkuu wa maabara, mama mwenye miwani mizito na subira nyepesi. "Maiti ni mtu. Humu hamna mtu."

Alimweleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Tangu homa mpya ya mafua izagae, kila aliyefika kituo cha afya akikohoa aliulizwa kama alichanjwa, kisha akapenyezwa kijiti puani. Maabara ilitafuta virusi. Waliokutwa na homa hiyo walilinganishwa na waliokohoa kwa sababu nyingine. Chanjo ikiwa inakinga, waliochanjwa watakuwa haba miongoni mwa wale wa kwanza. Hivyo ndivyo nchi nzima ingejua kama imeshika ngao au imeshika ungo.

"Lakini kabla ya virusi, mashine hutafuta chembe za binadamu," alisema. "Pua yoyote huziacha. Vichupa hivi havijawahi kuonana na pua. Mtu kachovya vijiti vipya kwenye maji safi, akatuletea sisi wajinga."

"Ni vya wagonjwa gani?"

"Wote walichanjwa siku ya uzinduzi wa chanjo. Waliochanjwa baadaye, sampuli zao ni halali."

Kofia ya Inspekta ikawa nzito ghafla. Siku ya uzinduzi ni yeye aliyesimamia ulinzi, na aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa gauni mbele ya kamera alikuwa mama yake mzazi. Wiki iliyopita bibi huyo aliambiwa na kituo kwamba kikohozi chake ni cha vumbi tu, arudi nyumbani. Sasa alikuwa wodini, mpira wa oksijeni puani, akiwagombeza wauguzi kwa ishara.

Inspekta aliondoka bila kuaga.

Kwenye kituo cha afya alianza na muuguzi aliyechukua sampuli.

"Vijiti ulivitia puani kweli?"

"Mpaka machozi yakawatoka, Afande. Mama yako alinitukana."

"Alisemaje?"

"Sirudii. Mimi nina watoto."

Inspekta akamwamini papo hapo; huyo alikuwa mama yake hasa. Muuguzi akaongeza kwamba vichupa vililala ofisini kwa Mganga Mkuu wa kituo, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

"Nionyeshe chanjo zinapokaa."

Lilikuwapo jokofu moja tu, dogo, chini ya dirisha. Inspekta alipitisha kidole kwenye rafu. Kikanata. Alikinusa: chungwa. Kwenye rafu kulikuwa na miduara ya kunata, mingi, kila mmoja sawa na kitako cha chupa.

Akakumbuka. Siku ya uzinduzi jua liliwaka hata nzi wakatafuta kivuli, na kitu pekee kilichokuwa cha baridi kilikuwa soda.

"Sista, soda zilipokuwa humu, chanjo zilikuwa wapi?"

Muuguzi alitazama stoo ya bati uani. Inspekta alipoufungua mlango wake, joto lilimpiga usoni kama la tanuri; humo chanjo yoyote ingeharibika ikawa maji tu.

Mganga Mkuu alipokelewa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na tai na tabasamu. Alipoonywa kwamba atakayosema yataandikwa, alianza na maneno marefu. Alisema jamii haikuwa tayari kwa takwimu za kukatisha tamaa. Alisema alikuwa akiilinda imani ya wananchi.

"Kwa kuwaambia wagonjwa wa homa kwamba wana vumbi?"

"Nilitaka kuepusha taharuki."

"Chanjo zilikaa stoo tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Na uzinduzi?"

"Jumatatu." Tabasamu lilikwisha kuondoka, tai ikabaki peke yake. "Ningefanyaje, Afande? Jokofu ni moja. Mgeni rasmi hanywi soda ya moto."

Inspekta alipiga meza hata kalamu ikaruka. Alimwambia kwamba watu walimpa mikono yao wakijua wanakingwa, wakaenda kukumbatia wajukuu. Kwamba aliwachoma maji yaliyopikwa, akawarudisha majumbani na homa, kisha akataka hata hesabu iseme uongo kwa niaba yake. Yote haya kwa ajili ya koo la bwana mkubwa mmoja.

"Nimekosa," alisema Mganga Mkuu. "Vichupa vya kweli nilivimwaga. Andika." Kisha akainua macho. "Lakini andika na waliokunywa. Hakuna aliyeuliza baridi imetoka wapi. Hata wewe ulisifu, Afande. Ulikunywa mbili."

Kalamu ilisimama. Feni iliendelea kuzunguka kama haikusikia.

Inspekta alivua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Tatu," alisema. "Ya tatu ilikuwa ya mama. Aliniambia ninywe mimi, nimesimama juani sana."