Kimo cha Leticia

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa nne kamili asubuhi, mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha Kivukoni na joto halijapungua. Dada yangu Evarista alikuwa akiongoza wageni tisa kutazama kazi za sanaa katika jengo moja la serikali. Nami nilikuwemo, mimi ni mkadiriaji majenzi, na aliniomba nije na tepu ya kupimia.

Ghorofa ya pili tulisimama mbele ya picha ya soko la Kariakoo, iliyochorwa ukutani mwaka 2018 na mume wa Evarista, Pius. Kando ya muuza nazi alisimama mtoto wa kike mwenye gauni la njano, nyayo zake zikigusa sakafu. Huyo ni Leticia, binti yao. Pius alimchora kwa kimo chake halisi, akiwa na miaka mitatu. Mwezi uliofuata Leticia alikufa kwa homa ya siku mbili. Pius akarudi Songea, kwa kuwa hakuweza tena kupita mbele ya ukuta ule. Evarista akaomba kazi ya kuongoza wageni humo humo jengoni.

Mgeni mmoja, Bi Zarna, mwenye duka la vitenge Kariakoo, alitania kwamba mchoraji alibania kitambaa: gauni halimfiki mtoto hata magotini. Wenzake wakacheka. Evarista hakucheka.

Wageni walipotangulia, alinipa daftari lake. Kazi yake ilimtaka apime nyufa za ukuta kila Machi. Pembeni ya vipimo vya nyufa alikuwa ameandika vingine. 2018: sentimita 95. 2020: 108. 2023: 126.

"Pima, kaka," alininong'oneza.

Nikapima kutoka sakafuni hadi nywele za mtoto. 137. Nikarudia. 137.

"Kesho wanapaka rangi nyeupe ukuta mzima. Waambie wakuu wa jengo ulichokiona. Wewe msomi, watakusikiliza."

Nilimjibu kwamba watatucheka, na kwamba atafukuzwa kazi. Sikumwambia mtu yeyote.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, fundi Anuari alipaka mkono wa kwanza wa rangi. Saa sita, wa pili. Saa tisa, wa tatu. Evarista alisimama nyuma yake muda wote, bila kukaa, bila kulia. Ukuta ukawa mweupe. Kisha Anuari akashusha brashi.

"Dada, hapa hapakauki."

Palikuwa na doa la unyevu, la mviringo, kama kichwa kilichoegemea kwa ndani. Chini yake, kiganja kidogo. Hakuna bomba la maji linalopita nyuma ya ukuta ule. Nimekagua michoro yote ya ujenzi wa jengo. Evarista aliweka kiganja chake juu ya kile kidogo.

"Mama nipo," akamwambia mtoto.

Kitu kikakwaruza chini ya rangi. Mara moja. Kikanyamaza.

Anuari aliacha ngazi yake pale pale. Hajairudia.

Mwezi Mei, Evarista alihamishiwa ofisi nyingine, na walinzi wakakatazwa kumruhusu apande. Aliniomba jambo moja tu. Safari hii sikukataa.

Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026, nilijiunga na wageni. Kiongozi mpya aliupita ukuta ule bila kusimama. Nilibaki nyuma. Doa lilikuwa bado bichi. Nikapima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu, nikarudia, kisha nikampigia simu dada yangu.

Hakunisalimu.

"Ngapi?"

"Mia moja arobaini na tatu."