Chura wa Nuru

Mgeni aliingia maabara bila kubisha hodi, ndoo yenye mfuniko mkononi, wakati watahiniwa wa Sekondari ya Mwangaluka wakimpasua chura asiyekuwepo.

Chura-nuru, picha ya mwanga tu, alielea juu ya kila meza. Glavu zenye vihisio zilimpa mwanafunzi ukinzani wa ngozi, utelezi wa ini, hata mdundo wa moyo. Aliyekosea alimrudisha chura mzima, akaanza upya. Mwalimu Sikudhani Mbwambo alikuwa ameujenga mtambo huo kwa miaka sita.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Lwitiko, mkaguzi wa mitihani wa kanda. Barua ya siri ya maandalizi, alisema, ilitaka chura halisi kwa kila mtahiniwa. Wako wapi?

Sikudhani alijibu kwamba barua aliisoma, na vyura hakuagiza.

"Kwa hiyo madaktari wako watatibu watu wa taa?" Lwitiko alicheka peke yake, akafunua ndoo. Vyura ishirini na wawili walikuwa wakipandana. Kila mtu ashike kisu, alisema, atakayekataa, sifuri.

Nyamizi, wa meza ya nne, aliweka mikono mapajani. Alitaka udaktari, na sifuri ya baiolojia ingemfungia mlango huo. Mwezi Januari Sikudhani alimwahidi, mbele ya darasa zima, kwamba hakuna atakayenyimwa alama kwa kukataa kuua.

Sikudhani alimwomba mkaguzi aitazame kazi ya binti huyo: mishipa yote ilikuwa imetengwa, hakuna hata mmoja uliokatika. Lwitiko hakugeuza shingo.

"Usinifundishe kazi, mwalimu. Kuna fomu moja tu ya kuwaokoa hawa. Unakiri wewe ndiye uliyewanyima vyura, nao wanasahihishwa kwa walichofanya. Leseni yako inafutwa. Na huo mtambo wako wa kuchezea unakwenda stoo."

"Nipe."

"Soma kwanza."

"Nimekusikia."

Nyamizi alisimama. "Mwalimu, acha. Nitamkata. Nipe kisu."

Sikudhani alikuwa ameshabonyeza kidole gumba kwenye fomu, iliyowaka katika kibao cha kielektroniki cha mkaguzi. Ilitoa mlio mdogo, na jina lake likatoweka kwenye kioo cha orodha ya walimu kando ya mlango.

"Kaa chini, mama," alisema. "Figo bado hujazionyesha, na zimebaki dakika arobaini."